NANI AMLIPE NANI?

Umezuka mtindo wa vituo vya televisheni kulia mbele ya watu kwamba vimetiwa hasara na wasanii wao. Msanii mashuhuri akifedheheka, wadhamini hukimbia, vipindi hufutwa, na wakubwa wa kituo huanza kupiga hesabu ya fidia. Sisi hatusemi kwamba madai hayo hayana msingi kabisa. Aliyetia sahihi mkataba, akapokea fedha, kisha akaiharibu kazi kwa matendo yake mwenyewe, si dhuluma kuambiwa alipe. Lakini yatupasa kuuliza kwanza: hasara hiyo ilianza lini, na ni nani aliyekuwa akijua?

Tuyatazame yaliyotokea Japani. Tarehe 2 Juni, 2023, mtangazaji wa kike wa kampuni ya Fuji Television alifikwa na jambo mikononi mwa Masahiro Nakai, mwimbaji wa zamani wa kundi la SMAP na mwendesha vipindi aliyependwa nchi nzima. Tume ya wanasheria kutoka nje, katika ripoti yake ya tarehe 31 Machi, 2025, ilisema kwamba huo ulikuwa ukatili wa kingono, na kwamba ulitokana na kazi. Mawakili wa Bwana Nakai waliyapinga maneno hayo, nasi si mahakama.

Linalotuhusu ni mwenendo wa wakubwa. Mwezi Agosti 2023 rais wa kampuni, Koichi Minato, alikuwa amekwisha pata habari. Yeye na wenziwe wakaliita jambo la faragha baina ya mwanamume na mwanamke, wakanyamaza. Bwana Nakai akaendelea kuonekana katika kipindi chake kwa muda upatao mwaka mmoja na nusu, na matangazo ya biashara yakaingia kama desturi. Aliyepata hasara siku zote hizo ni mfanyakazi: kwanza afya yake, na mwishowe ajira yake, kwani mwaka 2024 aliacha kazi.

Hasara ya kampuni ilianza pale majarida ya wiki yalipoianika habari, mwishoni mwa 2024. Januari 2025, Toyota, Nippon Life na makampuni mengine mengi yakaondoa matangazo yao. Tarehe 27 mwezi huo wakubwa walihojiwa na waandishi kwa muda wa zaidi ya saa 10, na Minato pamoja na mwenyekiti wakajiuzulu.

Basi tazama, ndugu msomaji. Hesabu ya namna hii haipimi ubaya wa tendo. Yapima gharama ya tendo kujulikana. Kampuni ikiruhusiwa kumtoza msanii kwa kipimo hicho, na wakubwa wasiulizwe neno, msanii atajitahidi kuficha, na mkubwa atamsaidia, maana siri itawaokolea fedha wote wawili. Atakayezibwa mdomo ni yule mnyonge aliyetendewa.

Kwa sababu hiyo twaona Fuji ilianzia mahali panapostahili tarehe 28 Agosti, 2025, ilipofungua kesi katika Mahakama ya Wilaya ya Tokyo dhidi ya Minato na mkurugenzi mwenzake wa zamani, Toru Ota, ikidai yeni bilioni 5. Hasara yote iliitaja kuwa zaidi ya yeni bilioni 45. Si jambo la kila siku, kampuni kuwashitaki mabwana wake wa jana!

Huko Uingereza, mwezi Agosti 2024, BBC ilimtaka Huw Edwards, msomaji wake mkuu wa habari wa zamani, arudishe zaidi ya pauni 200,000 za mshahara aliolipwa tangu alipokamatwa Novemba 2023 kwa makosa ya picha chafu za watoto, ambayo baadaye aliyakiri. Dai hilo ni la haki, kwani fedha ile ni ya ada za watazamaji. Lakini polisi walikuwa wameidokezea BBC kwa siri habari za kukamatwa kwake, na mshahara ukaendelea kutoka. Je, aliyeidhinisha malipo hayo naye ameulizwa?

Turudi Tokyo. Chama cha wafanyakazi cha Fuji kilikuwa na wanachama wapatao 80. Katika siku chache za Januari 2025 wakazidi 500, wakadai wakubwa wajibu maswali hadharani. Twashauri kwamba fedha yoyote itakayopatikana kortini isiishie mifukoni mwa wenye hisa, na kwamba chama hicho kiwe na kauli katika matumizi yake.