Mjumbe Akienda Milano



Kila mwaka ifikapo mwezi wa Juni vyama vyetu hupeleka wajumbe Geneva, Uswisi, kwenye mkutano mkuu wa Shirika la Kazi Duniani. Hilo halina ubishi. Ubishi uko katika zile siku mbili baada ya mkutano, mjumbe anapopanda treni kwenda kuona Milano, mji wa Italia unaosifika kwa mavazi na mitindo. Kutoka Geneva ni mwendo wa saa nne hivi tu. Akirudi nyumbani na kiatu kipya mguuni, manung'uniko huanza matawini: ada zetu hizo zinatembea!

Sisi tunasema mambo mawili yatenganishwe. Fedha za ada zisiguswe hata senti moja. Posho ya mkutano huisha siku mkutano unapofungwa, na masurufu yaliyobaki yarudi kwa mweka hazina pamoja na risiti zake. Lakini mjumbe aliyejiwekea akiba yake mwenyewe na kuomba likizo yake halali ana haki ya kutembea kama binadamu mwingine yeyote. Nani alitunga sheria kwamba kutalii ni kwa matajiri? Sisi tunaoshughulikia wafanyakazi wa mahoteli tumeona kwa miaka mingi wenzetu wakitandika vitanda vya wageni, wakifua mashuka yao na kubeba mizigo yao. Haikuandikwa popote kwamba mtandika kitanda asilale hata usiku mmoja katika kitanda kilichotandikwa na mwingine.

Na Waitalia wenyewe wanajua jambo hili. Katiba yao, iliyoanza kutumika tarehe 1 Januari 1948, inasema katika kifungu cha kwanza kwamba jamhuri yao imejengwa juu ya kazi. Kifungu cha 36 kinampa mfanyakazi haki ya mapumziko ya kila juma na likizo ya mwaka yenye malipo, tena kinasema kwamba hawezi kuikana haki hiyo. Someni vizuri hapo: hawezi kuikana! Hata mwajiri akimshika mkono atie sahihi kwamba haitaki likizo, sahihi hiyo ni bure. Kifungu hicho peke yake chatosha kumfanya mjumbe atamani kuiona nchi iliyokiandika.

Basi aende. Ila apange safari yake kama mfanyakazi, asiende kama mtu aliyefungwa kitambaa machoni.

Kwanza viza. Viza ya Uswisi ya mkataba wa Schengen humwingiza mtu Italia pia, lakini siku zilizoandikwa humo ndizo hizo hizo. Mjumbe azihesabu kabla ya kuondoka nyumbani, pamoja na siku za bima ya safari, na asimwachie karani wa ubalozi amhesabie. Pili majira. Mwezi wa Aprili kuna maonyesho makubwa ya samani, Februari na Septemba kuna majuma ya mavazi ya wanawake, na Juni hiyo hiyo kuna juma la mavazi ya wanaume. Siku hizo bei za vyumba hupanda bila aibu. Mnamo tarehe 15 Agosti mji hubaki mtupu na maduka mengi hufungwa, maana wenyeji wote wamekwenda likizo. Wanakitii kile kifungu cha 36! Jumatatu si siku ya majumba ya sanaa, kwa kuwa mengi hufungwa. Tena picha ya ukutani ya Leonardo da Vinci, ile ya Karamu ya Mwisho katika kanisa la Santa Maria delle Grazie, haionwi kwa kupiga hodi. Tiketi hukatwa mapema sana, watu huingizwa kikundi kidogo kidogo, kwa dakika 15, kisha hutolewa. Asiyekata tiketi miezi kabla asijisumbue.

Treni yenyewe ni somo. Hupita chini ya milima katika handaki la Simplon, lililofunguliwa 1906, lenye urefu wa karibu kilometa 20, lililochimbwa na maelfu ya vibarua, wengi wao Waitalia, ndani ya joto kali. Likitokea upande wa pili unashuka katika bonde la Ossola, na huko ndiko kwenye machimbo ya Candoglia, yalikotoka mawe ya marumaru yaliyojenga kanisa kuu la Milano, Duomo. Mawe hayo yalisafirishwa kwa majahazi kwa ziwa, mto na mfereji mpaka mjini. Ujenzi ulianza 1386 na mlango wa mwisho ukatiwa 1965. Wenyeji wakitaka kuitaja kazi isiyokwisha huitaja kazi ya Duomo. (Sisi tungeweza kuwatajia mikataba fulani ya mishahara.) Mjumbe apande mpaka juu ya paa, kwa ngazi kama magoti yanaruhusu maana ni rahisi kuliko lifti, aitazame ile kazi ya mikono kwa karibu. Hakuna mtu wa kazi ambaye hataelewa anachokiona. Nguo zifunike mabega na magoti, ama sivyo atarudishwa mlangoni.

Karibu na kanisa kuna lile barabara lenye paa la kioo, Galleria Vittorio Emanuele II, ambamo Prada walifungua duka lao la kwanza 1913. Watalii huzunguka kwa kisigino juu ya picha ya fahali iliyo sakafuni, wakidhani wataokota bahati, na mafundi huitwa kila mara kuitengeneza. Aliyelichora jengo hilo, Giuseppe Mengoni, alianguka kutoka juu yake akafa Desemba 1877, kazi ikiwa inakaribia kwisha. Kifo chake kimeandikwa vitabuni kwa sababu yeye ndiye alikuwa mwenye ramani.

Sasa mjumbe azunguke nyuma ya kanisa, dakika chache kwa miguu, mpaka uwanja wa Piazza Fontana. Watalii wengi hawafiki hapo, na sisi tunaona kwamba hapo ndipo pa kukaa muda mrefu kuliko popote mjini. Mwaka 1969 wafanyakazi wa viwanda vya Italia waligoma kwa wingi usio na mfano, nao wakapata mengi. Sheria namba 300 ya tarehe 20 Mei 1970, inayolinda heshima ya mfanyakazi na haki ya chama ndani ya kiwanda, ilizaliwa katika mapambano hayo. Tarehe 12 Desemba 1969, moto huo ukiwa bado unawaka, bomu lililipuka katika benki iliyokuwa uwanjani hapo. Watu 17 walikufa. Polisi wakawakamata watu wa siasa za kushoto, miongoni mwao mfanyakazi wa reli, Giuseppe Pinelli. Siku tatu baadaye, usiku, Pinelli alianguka kutoka dirisha la ghorofa ya nne ya makao ya polisi, akafa. Hakuwa na hatia. Bomu lile lilikuwa la mafashisti.

Uwanjani hapo yapo mawe mawili ya kumbukumbu ya mtu huyo mmoja. Jiwe moja liliwekwa na wanafunzi na raia wapenda demokrasia, nalo linasema aliuawa. Jingine liliwekwa na baraza la mji, nalo linasema alikufa kifo cha msiba. Yote mawili yanakubali kwamba hakuwa na hatia. Kwa neno moja tu la tofauti, mji mzima umebishana miaka zaidi ya 50. Mjumbe aliyekaa Geneva majuma mawili akibishania neno moja katika azimio ataelewa kwa nini watu hawakubali jiwe moja liondolewe.

Stesheni kuu ya treni nayo isipitwe mbio. Chini yake kuna njia namba 21, iliyofichwa machoni pa abiria, ambayo kuanzia Desemba 1943 Wayahudi walipakiwa katika mabehewa ya mizigo kupelekwa Auschwitz. Machi 1944 wafanyakazi wa Milano na miji mingine ya kaskazini waligoma chini ya pua ya jeshi la Ujerumani, na wengi walilipa kwa kupelekwa makambini. Leo pahali hapo ni nyumba ya kumbukumbu, na kuanzia 2015 walilazwa humo usiku wakimbizi waliokosa mahali, wengi wao vijana wa Eritrea. Hao ni jirani zetu.

Anayetaka kuona picha moja tu, aone ya Pellizza da Volpedo iitwayo Il Quarto Stato, iliyomalizika 1901, inayotunzwa katika jumba la Galleria d'Arte Moderna, barabara ya Palestro. Ni kubwa, upana wake unapita meta 5. Wafanyakazi wanakuja mbele, wanaume kwa wanawake, mama mmoja na mtoto mkononi, hawakimbii wala hawapigi kelele. Sisi tumeona nakala yake katika ofisi za vyama vya nchi nyingi, nyingine imefifia kabisa.

Tukija kwenye maduka, hapa ndipo tunapotaka kusikilizwa. Mitaa ya Via Montenapoleone ni ya kupendeza, vioo vinang'aa, na kutazama ni bure. Lakini Juni 2024 mahakama ya Milano iliiweka chini ya msimamizi kampuni ya Manufactures Dior kwa kutowaangalia wakandarasi wake. Kampuni yenyewe haikushtakiwa kwa jinai, na usimamizi huo uliondolewa mwanzoni mwa 2025 baada ya kusahihisha mambo. Hata hivyo yaliyotokea katika karakana za wakandarasi wadogo kandokando ya mji yalikwisha andikwa: wafanyakazi, wengi wao Wachina, wanalala humo humo wanamofanya kazi, na mashine zimeondolewa vikingio vya usalama ili ziende kasi. Mkoba mmoja karakana ililipwa euro 53, mbali na ngozi. Dukani mkoba huo uliuzwa euro 2,600. Kesi za namna hiyo zilifuata kwa majina mengine makubwa.

Basi mjumbe akiulizwa nyumbani kwa nini hakuleta mkoba, ana jibu la tarakimu mbili. Na asidanganyike na mikoba ya bandia inayotandazwa barabarani. Italia hata mnunuzi hutozwa faini, na kijana anayeiuza, mara nyingi Mwafrika mwenzetu, ndiye wa kwanza kukimbizwa na polisi.

Hotelini aulize jambo moja kwa upole: anayesafisha vyumba ameajiriwa na nani? Italia, kama kwetu, kazi hiyo mara nyingi hupewa kampuni ya nje, na wanawake waliotoka nchi za mbali huhesabiwa kwa vyumba badala ya saa. Mjumbe wetu anaijua hesabu hiyo. Asiache chumba kama uwanja wa mpira, na akimkuta mama huyo varandani amsalimu kama mtu wa kazi moja.

Kahawa anywe akisimama kaunta kama wenyeji. Akikaa mezani mara nyingi bei hupanda. Katika mahali pa kula ataona malipo ya kukaa mezani yameongezwa, na hoteli itadai kodi ya mji kwa kila usiku. Si wizi, ndivyo ilivyo.

Na ikitokea siku hiyo mabasi na treni za chini zimegoma, tusisikie mjumbe wetu akilalamika! Kwa sheria ya 1990 mgomo wa usafiri hutangazwa angalau siku 10 kabla, na zipo saa ambazo magari lazima yaende. Aulize mapokezi, asome tangazo, avae viatu vyepesi. Kutoka Duomo mpaka jumba la opera la La Scala ni dakika chache, mpaka kwenye ile picha ya Pellizza si mbali. Wagomaji wakiwa na maandamano, asimame kando awatazame, ajue wanadai nini, aandike.

Kamati kuu itakutana kabla ya orodha ya wajumbe wa mwaka ujao kupitishwa. Sisi tunapendekeza iandikwe wazi katika kanuni za safari: siku za ziada ni za likizo ya mjumbe na za mfuko wake, na tiketi ya ndege ya kurudi isibadilishwe kwa gharama ya chama. Tawi lenye maoni tofauti liyalete kwa maandishi.