Kabla ya Haki ya Kufa, Haki ya Kutulizwa Maumivu

Mjadala kuhusu kifo cha hiari si mgeni tena miongoni mwetu. Uholanzi na Ubelgiji zilikiruhusu kisheria mwaka 2002, Kanada ikafuata mwaka 2016, na wanafunzi wetu wa udaktari hulileta swali hilo darasani kila mwaka. Mkulima wa mpunga wa Igawa mwenye saratani iliyosambaa hatumii istilahi hizo. Yeye humwambia tabibu kwa sauti ndogo: "Nipe kitu nipumzike." Kabla ya kuamua kama ana haki ya kupewa anachoomba, yatupasa tujue anaomba nini.

Kwanza tutenganishe mambo ambayo mara nyingi huchanganywa. Kumchoma mgonjwa sindano kwa nia ya kumuua, hata akiomba mwenyewe, ni jambo moja. Kumpa dawa ajiue ni jambo la pili. Kanuni ya Adhabu ya Tanzania inayakataza yote mawili, na anayemsaidia mwenzake kujiua anaweza kufungwa maisha. Kusitisha tiba isiyo na faida tena, kwa ridhaa ya mgonjwa, ni jambo la tatu. Hapo mgonjwa anafishwa na ugonjwa wake, wala daktari hajaua. La nne ni kumpa mgonjwa dawa kali ya maumivu kwa kipimo sahihi. Hiyo ni tiba, na kumnyima ni uzembe.

Msimamo wangu ni huu: sheria yetu isilegezwe kuhusu mambo mawili ya kwanza, maana hatujatimiza la nne. Sababu yangu imo katika neno "hiari" lenyewe. Hiari huwapo pale mtu anapokuwa na njia zaidi ya moja mbele yake. Mama mwenye saratani ya mlango wa kizazi, ambaye hajalala kwa juma zima na dawa pekee aliyopewa ni parasetamoli, hachagui kati ya uhai na kifo. Anachagua kati ya maumivu na kifo. Tukiliita hilo uhuru wake, tutakuwa tumeupa umaskini kalamu ya kuandika cheti cha dawa.

Tutazame mahali penyewe. Igawa iko kando ya barabara kuu, penye daraja la Mto Mbarali, ambapo malori ya Zambia hupita usiku na mchana. Kutoka hapo hadi Hospitali ya Rufaa ya Kanda ya Mbeya ni zaidi ya kilomita 100, na hadi Taasisi ya Saratani Ocean Road jijini Dar es Salaam ni takriban kilomita 700. Kwa mgonjwa asiyeweza kuketi, safari hiyo ni adhabu. Ndugu huuza ng'ombe, hukodisha shamba, hatimaye humrudisha nyumbani. Anapoomba kufa, mara nyingi hesabu hiyo imo kichwani mwake: anaona anawamaliza watoto. Katika hali hiyo, ruhusa ya kufa ingegeuka upesi kuwa wajibu wa kufa.

Tatizo hili si letu peke yetu. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba kati ya watu wote wanaohitaji tiba shufaa duniani, asilimia 14 tu ndio huipata. Lakini umaskini si kisingizio. Mwaka 1993 Dkt. Anne Merriman alianzisha Hospice Africa Uganda jijini Kampala, akitegemea mofini ya kunywa iliyotengenezwa kwa unga na maji kwa gharama ndogo. Baadaye Uganda iliwaruhusu wauguzi na matabibu waliopata mafunzo maalumu kuiandika dawa hiyo, ikawafikia wagonjwa majumbani.

Najua hoja ya upande wa pili, na ina uzito. Wapo wagonjwa ambao hata wakipata tiba shufaa bora bado huomba kufa, kwa kuwa kinachowatesa ni kupoteza utu na kutegemea wengine kwa kila kitu. Madaktari wa Uholanzi wanawajua vizuri, na siwezi kudai kwamba mofini inajibu kilio chao. Hata hivyo, nchi hizo zilianza kujadili ombi la wachache hao zikiwa na hospitali, bima na dawa. Sisi tungeanzia mwisho.

Kwa wahudumu wenzangu: woga wa mofini umetesa watu kuliko mofini yenyewe. Ikianzwa kwa kipimo kidogo na kupandishwa hatua kwa hatua kufuatana na maumivu, haimharakishii mgonjwa kifo. Usingizi wa siku za mwanzo kwa kawaida hupungua, na choo kigumu huzuiwa kwa dawa ya kulainisha iliyoandikwa tangu siku ya kwanza. Mgonjwa akisema anataka kufa, usimkemee wala usikimbilie mahubiri. Muulize: unaumwa wapi? Unaogopa nini? Nani anakusaidia usiku? Muulize pia kama amepanga kujidhuru, na chunguza sonona, kwani inatibika.

Kwa wagonjwa na ndugu: mnayo haki ya kukataa tiba isiyoleta nafuu, na kuikataa si kujiua. Mnayo haki ya kuuliza dawa kali ya maumivu inapatikana wapi. Jibu la "hakuna la kufanya tena" msilikubali, kwa sababu hata ugonjwa usipopona, maumivu, kichefuchefu na vidonda vina tiba.

Wahenga walisema mgonjwa haulizwi uji, kwa maana ya kwamba mahitaji yake yako wazi na mwenye huruma humletea. Wizara ya Afya, halmashauri na vyuo vyetu wasingoje mgonjwa wa Igawa aombe. Mofini ya kunywa ifike katika kituo cha afya kilicho karibu naye, na awepo muuguzi aliyefundishwa kuitoa. Siku hiyo ikifika, atakayeomba kufa tutamsikiliza tukiwa na hakika kwamba si maumivu yanayozungumza kwa kinywa chake.