Madereva tunaosumbuliwa na mawazo tusikilizwe

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niseme juu ya jambo ambalo sisi madereva wa malori ya masafa marefu hulificha hata kwa wake zetu. Nalo ni mawazo ya kutisha yanayomjia mtu akiwa peke yake, hasa hapa Tunduma tunapongoja kuvuka kwenda Zambia.

Wasioijua kazi yetu hudhani ni kuendesha tu. Kwa kweli sehemu kubwa ni kungoja. Kituo cha Huduma za Pamoja Mpakani kilifunguliwa Oktoba 2019 na Marais John Magufuli na Edgar Lungu, nacho kimesaidia, lakini foleni haijatuaga; ziko siku mkia wake hufika Mpemba. Dereva analala kwenye kebini, chakula hakina saa, simu ya tajiri inauliza gari liko wapi, simu ya nyumbani inauliza ada ya shule. Ikifika saa nane ya usiku mwili umechoka lakini kichwa ndiyo kwanza kinaanza zamu.

Sisemi mawazo ya madeni, hayo kila mtu anayo. Nasema yale yanayomtisha mwenyewe. Mimi kwa miaka kadhaa, kila nilipoteremka mlima Senjele kule Mbozi nikiwa na mzigo, lilinijia wazo la kukata usukani nitoke nje ya barabara. Sikutaka kufa. Nilikuwa na watoto, mshahara ulikuja, na breki zilikuwa nzima. Ndiyo maana liliniogopesha. Mwenzangu mmoja lilimjia wazo la kumsukuma utingo wake chini ya matairi, kijana aliyempenda kama mdogo wake wa kuzaliwa. Aliuza mbuzi wanne ili aganguliwe pepo. Mbuzi walikwenda, wazo likabaki.

Ndugu zangu, jambo hili si laana wala si siri ya mtu mmoja. Mwaka 1978 wataalamu wawili wa London, Rachman na de Silva, walitoa taarifa kwamba waliwauliza watu wa kawaida wasio na ugonjwa wowote wa akili, wakakuta karibu wanane katika kila kumi hupatwa na mawazo ya namna hiyo yasiyotakiwa. Mwenye afya humjia, na mgonjwa humjia. Tofauti kubwa ni jinsi anavyolipokea: mmoja husema "upuuzi gani huu" akaendelea na safari, mwingine huona kwamba kuwaza uovu ni sawa na kuutenda, akaanza kujilinda usiku na mchana.

Na kujilinda huko ndiko kunakoliongezea nguvu. Mwaka 1987 Daniel Wegner wa Marekani na wenzake waliwaagiza watu wasimfikirie dubu mweupe, na kila atakapowajia wagonge kengele. Kengele ziligongwa. Baadaye waliporuhusiwa kumfikiria, wale waliokatazwa kwanza walimfikiria kupita wale ambao hawakukatazwa. Msomaji akitaka ajaribu leo, aape kwamba hatamfikiria nyani mwenye kofia nyekundu.

Ninavyofanya sasa ni hivi. Kabla ya mteremko naweka gia ndogo, kama inavyopasa. Wazo likija silifukuzi wala silijibu. Nasema moyoni, "hili ni wazo," kisha nasikia usukani mikononi, natazama kioo cha kushoto na cha kulia, nashusha pumzi polepole. Mtu aliyekaa barazani Tunduma huona malori yakipita kutwa nzima, wala hayadandii yote. Wazo nalo hupita. Lilikuwa likija kila safari, siku hizi hupita safari nyingi silioni, na likija halikai.

Lakini hayo yote ni kazi bure kwa mtu asiyelala. Dereva aliyekesha siku mbili, tumboni ana soda na sigara, hata wazo dogo humkalia kifuani kama gunia. Kahawa ya Mbozi ni sifa ya mkoa wetu wa Songwe, ila si ya kunywa saa nne ya usiku. Pombe nayo humlaza mtu upesi na kumwamsha alfajiri akiwa na hofu maradufu. Zambia walipiga marufuku viroba vyao, tujilijili, mwaka 2012. Sisi tukafuata Machi 2017. Lakini chupa hazikwisha. Katika foleni mimi hushuka nikatembea kwa miguu asubuhi kabla jua halijawa kali, nikala ugali na maharage kwa saa yake, na simu naizima ninapolala. Tajiri mmoja niliyemfanyia kazi hakupenda habari ya simu kuzimwa. Nadhani angependa zaidi gari lake lifike.

Dawa nyingine ni kusema na mtu. Mwaka 2017 nilishusha mzigo Harare, nikaugua malaria. Nje ya zahanati niliona benchi, mama mzee ameketi na kijana wanaongea taratibu. Nikaambiwa ni mpango ulioanzishwa mwaka 2006 katika kitongoji cha Mbare na Dk. Dixon Chibanda, kwa kuwafundisha mabibi 14 kuwasikiliza watu wenye kile ambacho Washona huita kufungisisa, yaani kuwaza kupita kiasi. Bibi hahubiri. Anamsaidia mtu kuyataja yanayomsumbua, kuchagua moja, na kupanga la kufanya wiki hiyo. Mpango huo ulipimwa kwa watu 573 katika zahanati 24 za Harare, na matokeo yaliyochapishwa mwaka 2016 yalionyesha kwamba baada ya miezi sita waliokaa kwenye benchi walikuwa na nafuu kubwa kuliko waliopata huduma ya kawaida. Umekwisha kuvuka hadi Malawi na Zanzibar.

Sisemi benchi linatosha kwa kila mtu. Anayesikia sauti zikimwamrisha, au aliyekwisha kupanga kujiua, asiendeshe gari na asiachwe peke yake. Apelekwe hospitali siku hiyo hiyo. Hospitali ya Rufaa ya Kanda Mbeya si mbali na hapa.

Basi nawaomba viongozi wa Halmashauri ya Mji wa Tunduma, kupitia idara yao ya afya, watufikirie. Habari za UKIMWI tumefundishwa sana katika maegesho haya, nasi tunashukuru. Habari za kichwa hakuna aliyetufundisha. Wauguzi wastaafu wapo. Mama lishe wapo, nao husikia siri zetu kila siku huku wakikoroga mchuzi. Wakifundishwa wachache tu na kuwekewa mabenchi mawili, moja kwenye maegesho na moja upande wa Mpemba, tungeanza. Kama ni mbao zinazokosekana, madereva tutachanga.

Dereva wa Lori,
Tunduma, Songwe.