Imani Isiyo na Rejista Nayo Yastahili Kuchunguzwa

Katika Wilaya ya Kyerwa, Mkoa wa Kagera, ziko chemchemi za maji ya moto za Mtagata. Henry Morton Stanley alifika hapo mwaka 1876, wakati Rumanyika akitawala Karagwe, akawakuta wagonjwa wakioga ili wapate nafuu. Hata leo wapo waendao huko kwa nia hiyo. Mkemia aweza kupima joto la maji hayo na chumvi zilizomo. Lakini liko swali la pili lisilojibiwa kwa kipimajoto: waogao huamini nini, na imani hiyo huongozaje uamuzi wao wanapougua? Hilo nalo ni swali la kisayansi, maana laweza kuchunguzwa kwa utaratibu, kuandikwa, na kusahihishwa na mtafiti mwingine.

Dini zenye uongozi huacha kumbukumbu. Jimbo Katoliki la Kayanga, lililoundwa mwaka 2008, na Dayosisi ya Karagwe ya Kanisa la Kilutheri zina rejista za ubatizo na ndoa. Heshima kwa mizimu ya Bachwezi kama Wamara, matambiko ya ukoo, na kicho kwa chemchemi na misitu havina karani. Tena, mtu aliyebatizwa aweza kuyashiriki hayo bila kujiona kuwa ana dini mbili. Sensa nayo haisaidii, kwani tangu ile ya mwaka 1967 sensa za Tanzania haziulizi dini. Hapana budi, basi, mtafiti akakae kijijini na kusikiliza.

Kazi nzuri imekwisha kufanyika katika nyanja za jirani. Israel Katoke alichapisha historia ya ufalme wa Karagwe mwaka 1975. Josephat Rugemalira ameichunguza lugha ya Kinyambo. Kuanzia mwaka 2009, wataalamu wa tiba asili wa Muhimbili walichapisha mfululizo wa makala juu ya mimea ya dawa mkoani Kagera. Hata hivyo pengo laonekana. Mmea wa mganga huchumwa ukapelekwa maabara. Maneno ayatamkayo akiuchuma hubaki kijijini.

Wapo watakaosema kwamba fedha ni chache, na kwamba mnyauko wa migomba, ulioingia Kagera mwaka 2006, ndio unaostahili kutangulizwa. Hoja hiyo ina uzito. Lakini mkoa huo huo ulipatwa na homa ya Marburg mwaka 2023 na tena mwaka 2025. Katika hatari ya namna hiyo, daktari ahitaji kujua mgonjwa humwamini nani kwanza, na mazishi yasiyotimiza desturi humaanisha nini kwa wafiwa. Ujuzi huo hauwezi kukusanywa kwa siku moja baada ya maradhi kuingia.

Wengine watahofu kwamba kuigharimia kazi hiyo ni kuieneza imani yenyewe. Sivyo. Mtafiti hatumwi kuhubiri wala kukejeli. Okot p'Bitek wa Uganda alionya mwaka 1971 kwamba wengi walioandika juu ya imani za Waafrika walizitazama kwa macho ya dini zao wenyewe. Dawa ya kosa hilo ni mafunzo, lugha ya wenyeji, na muda wa kutosha. Na muda ndio unaohitaji fedha. Maabara haihitajiki: nauli, kinasa sauti, na posho ya miezi mingi vyatosha.

Kwa hiyo yafaa Mfuko wa Taifa wa Kuendeleza Sayansi na Teknolojia, ulio chini ya COSTECH, utenge sehemu ndogo kwa wanafunzi wa shahada za uzamili na uzamivu watakaochunguza imani za namna hii. Masharti yawe mawili: ridhaa na siri ya watoa habari zilindwe, na matokeo yarudishwe kwa Kiswahili katika vijiji na shule za sekondari za Karagwe na Kyerwa. Mwanafunzi wa huko asomaye juu ya miungu ya Ugiriki ana haki ya kusoma pia, kwa uangalifu ule ule, kwa nini bibi yake huinama afikapo chemchemini.