Mwaka kati ya diploma na chuo kikuu: nani anaulinda?

Matokeo ya Mtihani wa Taifa yakitoka, Bunia inageuka nyeupe. Poda inamwagwa juu ya vichwa vya waliofaulu, pikipiki zinapiga honi toka Mudzi-Pela hadi Nyakasanza, na Jumapili vijana wanaitwa mbele waombewe. Wiki chache baadaye poda imeoshwa, na swali limebaki nyumbani: sasa aende wapi?

Huko Ulaya kuna familia zinazomwachia kijana mwaka mmoja kabla ya chuo ili asafiri, afanye kazi na kujaribu maisha. Kwetu Ituri mwaka huo upo pia, ila hakuna aliyeuchagua. Baba hana minervali. Shamba la Djugu limeachwa, ng'ombe wameibwa, familia iko kambini Kigonze. Tangu tarehe 6 Mei 2021, jimbo letu lilipowekwa chini ya utawala wa kijeshi, wazazi wengi wameendelea kuogopa kumtuma mtoto mbali kwa barabara. Basi kijana anakaa. Tunasema kwamba "anangojea," bila kumwambia anangojea nini. Wengine hawangojei sana. Machimbo ya dhahabu upande wa Mongbwalu hayaombi diploma, na makundi yenye silaha nayo hayaombi.

Wale wenye minervali nao wana shida yao. Kijana alisoma pedagojia kwa sababu ndiyo shule iliyokuwa karibu na nyumbani. Sasa mjomba anataka sheria, shangazi anataka udaktari, na yeye mwenyewe hajawahi kukaa hata siku moja karibu na mwanasheria au daktari anayefanya kazi. Anaandikishwa upesi, kwa maana wazazi waliosoma wakati wa Zaire wanakumbuka miaka ya masomo iliyovutwa kama mpira, na neno "kupoteza mwaka" linawatisha. Tunawaelewa. Lakini kijana anayeacha fakulte baada ya miaka miwili amepoteza miaka miwili, pamoja na mbuzi na mifuko ya maharagwe iliyouzwa kumlipia. Yesu alipofundisha juu ya mtu anayetaka kujenga mnara, katika Luka 14, alimketisha kwanza ahesabu gharama. Wengi wetu tumelihubiri fungu hilo bila kulifikisha kwenye meza ya kuchagua fakulte.

Majirani wetu wamepitia jambo hili kwa njia mbili. Uganda, mtihani wa mwisho wa sekondari unamalizika karibu na Desemba, na vyuo vikuu vinafunguliwa kama mwezi wa Agosti. Ndugu zetu waliovuka Ziwa Albert wakakimbilia Kyangwali wanaijua miezi hiyo: wengine wanafundisha watoto, wengine wanauza duka, wengine wanalala tu. Kalenda imewapa nafasi, lakini matumizi yake yanategemea mtu aliye karibu nao.

Tanzania ilitumia amri. Kwa Azimio la Musoma la 1974, aliyemaliza kidato cha sita hakuruhusiwa kwenda moja kwa moja chuo kikuu. Alipitia Jeshi la Kujenga Taifa, akafanya kazi, kisha akahitaji kupendekezwa na mwajiri na chama. Nia ilikuwa nzuri: msomi aijue kazi ya watu wake. Ila idadi ya wasichana chuoni ilishuka, kwa kuwa ndoa na uzazi viliwakuta katikati ya kungoja, na baada ya muda mfupi wao wakaondolewa sharti hilo.

Jambo hilo linatugusa. Hapa Bunia msichana aliyekaa nyumbani mwaka mmoja hatazamwi kama mtu anayetafuta mwito wake. Majirani wanaanza kuuliza habari za mahari. Kwa hiyo hatusemi kila kijana apumzike. Anayejua anachotaka na ana minervali, aende mwaka huu huu, na akiwa msichana wazazi wasikawie. Tunasema juu ya yule ambaye mwaka huo umemwangukia, na yule ambaye hajui.

Katika kanisa moja la mahali kuna muuguzi, mwashi, mwalimu, mshonaji, fundi wa gareji, mwenye duka la dawa, mkulima wa kakao. Tunawajua kwa sadaka zao kuliko kwa kazi zao. Binti anayesema anataka uuguzi aende kituo cha afya saa kumi na mbili asubuhi. Hatapiga sindano. Ataandika majina, atabeba maji, ataona damu, atasikia mama akilia usiku. Wiki sita zikipita atajua kitu ambacho shangazi hawezi kumwambia. Kisha aende kwa mwalimu, kisha dukani. Mzee mmoja wa kanisa, au mama mmoja, amwite kila mwezi na kumuuliza ameona nini.

Kuna ugumu. Mafundi wengi wanadai malipo ili wafundishe, na wengine wanapenda kumpata kijana wa kutumwa bure mwaka mzima. Hata wachungaji, tuseme ukweli, kuna wanaompa kijana ufagio wa uwanja wa kanisa na kuita hiyo staji. Ndiyo maana muda uandikwe, kazi iandikwe, na pesa ya nauli na chakula itoke katika mfuko wa vijana, siyo mfukoni mwa mzazi aliyekosa minervali.

Majina ya waliofaulu tunayo, tuliyasoma wenyewe mbele ya washiriki. Orodha ya wenye kazi walio tayari kumpokea kijana mmoja haijaandikwa katika makanisa mengi. Wazee wanaweza kuianza Jumapili hii, baada ya ibada, kabla watu hawajatawanyika.