Tom Wills na Kaburi Lisilo na Jiwe

Huenda umewahi kuona kwenye runinga wanaume wenye fulana zisizo na mikono wakigombea mpira wa umbo la yai, ukajiuliza kama ni kandanda ama raga. Huo ni mchezo wa Australia, nami leo nakuletea habari za Tom Wills, mmoja wa waliouanzisha.

Wills alizaliwa mwaka wa 1835. Utotoni alicheza na watoto wa Waaborijini, wenyeji wa asili wa nchi hiyo, hata akajua lugha yao. Alipokuwa na miaka 14 babake alimpeleka Uingereza, katika shule ya Rugby (ndiyo, ile iliyoipa raga jina). Vitabu havikumnasa, lakini aliibuka nahodha wa kriketi.

Aliporejea nyumbani aliandika barua gazetini, Julai 1858, akitaka klabu ya mpira ianzishwe ili wanakriketi wasizembee msimu wa baridi. Mei 1859, yeye na wenzake wachache waliketi mjini Melbourne wakaandika kanuni 10. Kupigana mateke ya miguu, jambo la kawaida kule Rugby, kulipigwa marufuku.

Kisha msiba ukamfika. Mwaka wa 1861 alifuatana na babake hadi Queensland kufungua shamba la mifugo. Tarehe 17 Oktoba, Waaborijini walivamia kambi yao na kuua watu 19, babake akiwemo. Tom aliponea kwa kuwa alikuwa ametumwa kuleta mahitaji. Walowezi walilipiza kisasi, na wenyeji waliouawa walikuwa wengi mno kuliko hao 19. Tangu hapo usingizi ulimpaa Wills, akazidi kuikumbatia chupa.

Hata hivyo alirudi uwanjani na kuichezea Geelong kwa miaka mingi. Na hapa ndipo ninaposhangaa: mwaka wa 1866 alikubali kufunza timu ya kriketi ya Waaborijini, na Desemba 26 akaiongoza mbele ya maelfu ya mashabiki Melbourne. Timu hiyo ilipozuru Uingereza mwaka wa 1868, Wills aliachwa nyumbani.

Pombe ilimmaliza. Tarehe 2 Mei 1880, akiwa amechanganyikiwa baada ya kuiacha ghafla, alijitoa uhai. Alikuwa na miaka 44. Alizikwa Heidelberg, nje ya Melbourne, na kaburi lake halikuwekwa jiwe hadi mwaka wa 1980.