Mtego wa Harufu Kwenye Kivungulio

Kama una mzazi au ndugu anayekuza nyanya kwenye kivungulio huko Kitale au Bungoma, bila shaka umesikia kilio chake kuhusu Tuta absoluta. Huyu ni nondo mdogo wa kijivu, asili yake Amerika Kusini, aliyegunduliwa humu nchini mwaka wa 2014. Kiwavi wake huchimba majani na kutoboa matunda, na kwa kuwa hujificha ndani, dawa nyingi hazimfikii. Mkulima naye huzidisha dawa. Leo ananyunyiza, kesho anachuma, kesho kutwa nyanya ziko kwenye kachumbari ya watoto wako hapa mjini, ilhali karatasi ya chupa ilitaja siku za kungoja.

Si lazima iwe hivyo. Nondo hufuata sana harufu, na Trans Nzoia wana ushahidi. Mwaka wa 1997 watafiti wa ICIPE, wakishirikiana na KARI na kituo cha Rothamsted cha Uingereza, walianza kujaribu mbinu ya vuta-sukuma katika mashamba ya huko na ya Suba. Baadaye ikafika Bungoma. Desmodium hupandwa kati ya mistari ya mahindi, na harufu yake humfukuza nondo. Nyasi za Napier zilizozunguka shamba humvuta akatage huko, na viwavi wengi hunaswa na utomvu wakafa. Ng'ombe naye hapati hasara.

Ndani ya kivungulio, harufu inayotumika ni ya nondo jike, iliyotengenezwa kiwandani na kutiwa kwenye kipande kidogo cha mpira. Kining'inize juu ya karai la maji ya sabuni. Madume huja mbio wakidhani wameitwa, wakazama. Maskini! Lakini mtego huu hunasa madume tu. Jike aliyekwisha kupandwa akipenya, kazi bure. Kwa hiyo neti isiwe na tundu hata moja, na milango iwe miwili, wa nje ufungwe kabla ya wa ndani kufunguliwa. Nyanya zilizotobolewa zifukiwe kwenye shimo refu, zisitupwe nje ya mlango. Na yale managu yaliyopandwa hapo kando kwa mboga ya jioni? Yahamishwe mbali. Tuta huyapenda pia, kama apendavyo viazi.

Koa naye huvutwa na harufu ya chachu. Fukia kopo, ukingo ubaki juu ya udongo kidogo ili wadudu wema wasitumbukie, kisha utie busaa. Nyumba isiyo na pombe itumie maji ya sukari yenye hamira. Baba akiuliza busaa yake imekwenda wapi, mwambie koa wamelewa. Mwaga kopo kila asubuhi, na umwagilie mimea wakati huo huo, si jioni, kwani koa hutembea usiku penye unyevu. Majivu husaidia pia, mradi yawe makavu.